Mwaka Nilipozima Mafiga

Binti yangu wa mwisho alisomea hewa. Nilipowaambia kina mama wenzangu wa kanisani, wakadhani nazungumzia habari za redioni, mvua itanyesha wapi na jua litawaka wapi. Nikasema hapana, hewa yenyewe, hii tunayovuta. Mmoja akaniuliza kwa upole kama chuo kikuu hakikuwa na kitu kingine cha kumpa. Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

Naandika habari hii bila majina. Si kwamba nimeyasahau. Jina la kila mtu aliyepita uani kwangu ninalo, na la baba yake, na la ng'ombe wake aliyekuwa akituharibia migomba. Lakini binti yangu bado yuko kazini kwa watu, na mke mwenzangu hataki kuandikwa. Alisema nikimwandika, niandike kwamba alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na Tukuyu mjini mitumba ilitandazwa chini kuanzia stendi hadi sokoni, watu wakiinama kuchagua kama wanaopalilia. Huku kwetu Kawetele magari hayakuongezeka sana. Lilikuwepo la chai, na yale ya kubeba ndizi ambayo masika yalikuwa yakikwama na kusukumwa na watoto wa shule. Lakini Dar es Salaam, alivyotusimulia binti yangu, magari yalishushwa bandarini kama siafu, magari yaliyochokwa na nchi za wenyewe, na kila aliyejiweza kidogo akapata lake. Mengi yalitoa moshi mweusi. Kazi yake, hapo hapo chuoni, ilikuwa kuujua moshi huo. Alikuwa na mashine aliyoiweka kando ya barabara, inavuta pumzi kama mtu, na mdomoni mwake inawekwa karatasi nyeupe ya duara, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Ikiwekwa asubuhi nyeupe, jioni inatoka kama mgongo wa chungu.

Alikuja Krismasi moja amekonda, na anakohoa. Nikamwambia kazi ya kupima moshi ni lazima uule? Akacheka, akakohoa tena.

Sikukuu ilipopita akanieleza shida yake. Wakubwa wa huko mjini walikuwa wakimwambia kwamba weusi ule si wa magari, ni vumbi tu, na moshi wa mashamba yanayochomwa bara, unaletwa na upepo. Kuwajibu, ilimpasa apime pia hewa ya mahali pa bara pasipo na magari, apime mwaka mzima, masika na kiangazi, halafu aziweke karatasi za huku na za huko mezani pamoja. Mashine ya pili alikuwa nayo. Mahali alikuwa amekwisha kupachagua, shule moja ya misheni mlimani, mkoa mwingine kabisa. Kila mwezi ingembidi asafiri kwenda kuchukua karatasi na kuisafisha mashine.

Mimi nilisikia jambo moja tu katika hayo yote. Kila mwezi.

Lazima nieleze. Mtoto huyu aliondoka nyumbani akiwa bado hajajua kusonga ugali, akaenda bweni, kisha bweni jingine, kisha chuo. Wengine niliowazaa waliolewa na kuoa hapa hapa, nawasikia wakigombana na wenzi wao jioni. Huyu nilikuwa nampata siku chache za mwaka, na siku hizo zote alizitumia kulala. Nilimjua kama mtu anavyoujua Mlima Rungwe wakati wa ukungu, kwamba upo.

Basi nikamwambia, "Iweke hapa."

"Mama, haiwezekani."

"Magari tunayo hapa?"

"Magari hakuna. Lakini nyumba yako inatoa moshi."

"Nitauzima."

Akanitazama. "Utakula vibichi?"

"Nina mke mwenza," nikasema.

Wa mbali hawezi kujua nilikuwa nimesema nini. Kwetu moto wa ndani hauzimwi. Nilipoletwa bibi harusi, mama mkwe alinipa kaa kutoka kwenye mafiga yake, nikalibeba katika kigae, na tangu siku hiyo mafiga yangu hayakuwahi kupoa. Ukienda kulala unafukia makaa kwa majivu, alfajiri unafukua na kupuliza. Moshi unapenya kwenye nyasi za paa, na mtu wa ng'ambo anapotoka nje kujinyoosha anatazama mapaa, anahesabu: fulani kaamka, fulani kaamka. Paa lisilotoa moshi halipitwi hivi hivi. Mtu atakuja kuita mlangoni.

Binti yangu akafunga kitambaa kwenye mti wa mwanzi, akakaa siku kadhaa akiutazama upepo. Akaona kwamba nyumba ya mke mwenzangu, kwa kuwa iko ng'ambo ya kijito, moshi wake haufiki kwangu, unapanda kwenda upande wa mashamba ya chai. Majirani wengine walikuwa mbali. Mashine isingeweza kukaa peke yake shambani, ingeibiwa betri. Ilipaswa kukaa nyuma ya nyumba, na nyumba ilipaswa kuwa bila moto. Akajenga kichanja cha mianzi, akaifunga juu yake, akanifundisha kubadilisha karatasi kila siku ya gulio kwa kikoleo kidogo, nisiiguse kwa mkono, niitie katika kopo lake na kufunga. Kisha nikachukua maji ya kisima nikayamwaga kwenye mafiga. Yalilia. Majivu yakaruka mpaka kwenye nyusi zangu, naye binti yangu akageuka akatazama nje.

Sikumwambia mtu yeyote sababu, ila mke mwenzangu. Kina mama wa kanisani nilihofu wangesema, tazama, elimu ya mtoto imezima jiko la mama yake.

Mke mwenzangu aliposikia aliketi chini. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mingi, mwenyeji wa Masukulu, mwenye maneno. Mume wetu alipokuwa hai hatukuwahi kula chungu kimoja, kila mtu alipika kwake na kila mtu alinusa kwa mwenzake. Sasa mzee ametangulia, na mimi naja mlangoni kwake na ndizi zangu kwenye ungo naomba kupikia.

"Karibu dada," akasema. "Nilijua utakuja, ila nilidhani utakuja kuomba chumvi."

Ndivyo tulivyoanza. Betri nayo ilitaka kulishwa. Tulikuwa na betri mbili za gari, moja inafanya kazi, nyingine tunaibeba kichwani, kwa zamu, mimi na yeye, hadi mjini kwa fundi redio ili ajaze umeme. Fundi huyo alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kwa biashara, mtu wa kofia safi na utani mwingi. Kila tulipotua betri mezani kwake alichungulia nje ya duka na kuuliza, "Mabibi, leo gari mmeegesha wapi?" Mke mwenzangu akamjibu kwamba dereva wetu kaenda kutafuta mke, na kwamba kama yeye anataka kazi hiyo aseme. Tangu hapo akawa anatuita matajiri.

Na kweli binti yangu alikuja. Mwezi ukiandama tu, nilianza kusikiliza. Basi lilimshusha stendi, akatembea, na kikohozi chake nilikisikia kwenye migomba kabla sijamwona mwenyewe. Aliingia uani, akaniambia, "Ugonile, juba," kama tunavyomwamkia mama kwa Kinyakyusa, huku macho yake yamekwisha kwenda kwenye kichanja. Alisalimia mashine kwanza. Sikuona vibaya. Mwenye ng'ombe huangalia ng'ombe kwanza. Alifungua makopo, akazitazama karatasi moja moja akizielekeza juani, na zilikuwa nyeupe, Mungu wangu, nyeupe kama zilivyowekwa, labda na kivuli kidogo tu katikati. Alifurahi. Alisema hewa ya hapa ni kama maji ya chemchemi. Na mimi niliipokea sifa hiyo kama vile hewa nimeifinyanga mwenyewe.

Nikifikiria sasa, nafikiri nilikuwa na furaha miezi miwili hivi. Kisha nikaanza kuona.

Tukuyu ni baridi, kila mtu anajua. Kuna siku mvua haikatiki, inabadilisha sauti tu. Nyumba isiyo na moto, katika mvua hiyo, inakuwa kama tumbo la chura. Blanketi linanuka uvundo. Mchwa wakaanza kwenye boriti, maana moshi ndio uliowazuia. Mahindi ya mbegu niliyoyaning'iniza darini yakaota ukungu. Binti yangu akifika jioni amelowa, hawezi kukaa kwangu. Anabadilisha nguo, anatetemeka, kisha tunavuka kijito kwenda kwa mke mwenzangu kula. Na kule kuna moto.

Kule alikunja miguu kwenye kigoda, akanyoosha viganja, na kikohozi kikalegea. Kule akaanza kusimulia. Aliwaigiza wakubwa wake wa mjini, namna wanavyovua miwani kabla ya kukataa jambo. Alisimulia habari za vijana anaosoma nao, wanafunga pua kwa leso na kusimama barabarani kuhesabu magari, na matingo wa mabasi wanawazomea. Mke mwenzangu alicheka mpaka akakamata ubavu. Alimwokea mahindi, akampa ukoko wa ndizi ulioungua kidogo chunguni, ule watoto wanaougombania. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa mlango, mgeni hukaa upande wa mlango. Nikawa nakula na kusikiliza.

Saa ya kurudi ikifika alikuwa akisema, "Tukae kidogo, mama, kwako baridi." Tunakaa. Tukirudi, analala upesi, amejikunja, hana neno tena. Maneno yameishia ng'ambo.

Siku moja mke mwenzangu, tukiwa tunachambua maharage, akaniuliza kama nimekwisha kumwona yule mwanamume. Nikauliza, mwanamume gani? Yule aliyemposa mtoto, akasema, mwalimu wa huko huko chuoni, mtoto hajampa jibu. Nikaendelea kuchambua maharage. Naye akagundua kwamba sikuwa nimeambiwa, akashika mdomo. Alipouachia, akajaribu kufanya mzaha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa.

"Dada, miaka yote ile uliniogopa kwa ajili ya mume. Ona sasa, nimekuchukulia moto na mtoto, na sikuinuka hata kwenye kigoda."

Nilimpa maharage yake, nikaenda zangu. Sikumkasirikia. Alisema kweli, na alikuwa amempasha mwanangu joto. Lakini usiku ule nilikaa karibu na mafiga yangu yaliyolowa, nikayapapasa kwa mkono kama mtu anavyompapasa mgonjwa. Niliyazima ili aje. Alikuwa anakuja.

Masika yakafika. Mke mwenzangu akaitwa Masukulu kwenye msiba wa shangazi yake, na huko hukai siku moja. Aliniachia ufunguo na kuni kavu. Siku ya kwanza nilivuka kijito, nikapika, nikarudi nimelowa. Kesho yake homa ikanishika. Nililala chini ya mablanketi yote, nikasikia mashine nyuma ya nyumba ikivuta pumzi zake polepole, na mimi navuta zangu. Siku ya gulio ilipita sikuweza kuamka kubadilisha karatasi.

Kina mama wa kanisani walikuwa wamezoea kidogo kuona paa langu kimya, wakijua nahamia kwa mwenzangu. Lakini sasa hata paa la ng'ambo lilikuwa kimya. Mapaa mawili ya wajane, siku ya pili, hayana moshi. Wakaja mbio katika matope, wawili kwanza, kisha wengine, wakiita kuanzia kwenye migomba. Walinikuta naongea na ukuta. Mmoja akagusa paji langu, mwingine akagusa mafiga, na nilisikia aliyegusa mafiga ndiye aliyeshtuka zaidi.

Wakafanya kinachofanywa. Kila mmoja alirudi kwake akaleta kuni, na aliyekuwa na makaa akaleta makaa katika chungu kilichovunjika. Kuni za masika ni mbichi, za mkaratusi, zinatoka mapovu kwenye ncha. Walipuliza mpaka machozi. Nikawaambia wazime. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nayo, zimeni, mtoto atachukua mashine. Wakatazamana. Nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, maskini, homa imefika kichwani, anaukataa moto. Wakauongeza. Waliukoka siku ile na zilizofuata, wakipokezana, wakanipikia uji na ndizi za maziwa, wakaniombea. Moshi ulijaa nyumba, ukapenya nyasi, ukashuka nyuma kwa uzito wa mvua, mahali kilipokuwa kile kichanja. Mimi nilianza kupona. Sidanganyi, nilipona kwa moto ule. Nilikuwa nimesahau jinsi mifupa inavyolegea.

Binti yangu alifika nikiwa nimeketi, nimejifunika, wenzangu wamekwisha kwenda. Nilimsikia anakohoa kwenye migomba. Nikasikia hatua zake zimezunguka nyuma, kama kawaida. Kisha zikasimama penye kichanja. Niliwaza, basi, imekwisha. Nikatafuta maneno ya kumsihi, labda aanze upya, labda mwaka ule usihesabiwe, nitauzima tena leo hii.

Akaingia ameishika karatasi kwa kikoleo. Akainama karibu na moto ili aione vizuri. Hakuniamkia.

"Nani aliwasha?"

"Wenzangu. Nilikuwa naumwa."

Akaketi. Si kwenye kigoda, chini kabisa, kando ya mafiga. Mwanga ulicheza kwenye ile karatasi, nayo haikuonyesha chochote, nyeusi tupu.

"Imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika." Akaigeuza. "Mama, hii ni nyeusi kuliko za barabarani. Na ilikuwa nje. Wewe ulikuwa ndani."

Nikasukuma ukuni ndani ya moto.

"Hiki ndicho ulichokuwa ukivuta tangu mimi sijazaliwa."

"Na wewe umelelewa humo humo," nikasema. "Ulikuwa mnene."

Hakucheka. Alianza kusema habari za jiko la mafuta ya taa, kwamba atanunua, atalituma kwa basi, nisiwashe tena kuni ndani, mashine ikiwepo au isiwepo. Alisema haraka haraka, kama mtu anayezima nyumba iliyoshika moto. Alikuwa analia, lakini labda ulikuwa moshi. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia neno ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mwanangu, moto huu niliuzima ili uwe unakuja. Ukaja, ukaota kwa mwenzangu. Mimi siuzimi tena."

Akaiweka ile karatasi ndani ya kopo, akafunga. Alikaa muda mrefu akisokota kifuniko ambacho kilikuwa kimekwisha kubana.

"Basi mashine haiwezi kukaa hapa."

"Najua."

"Sitaweza kuwa nakuja kila mwezi."

"Najua, mama."

Kwetu mtoto wa kike unamwita mama. Nilipomwita hivyo akasogea, akalaza kichwa kwenye goti langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa na meno ya utoto. Nywele zake zilikuwa na harufu ya basi. Tulikula kwangu. Ndizi alipika yeye, akaziunguza chini, tukagombania ukoko. Akanieleza habari za yule mwalimu wa chuoni, kuanzia mwanzo, nami nikajifanya nasikia mara ya kwanza. Alisema ameamua kumkataa. Alisema pia kuna nchi ya mbali wamemwita akasome zaidi. Alisimulia mpaka kuni zikaisha, nikamwambia achukue nyingine, akachukua.

Asubuhi akaomba panga na ngazi. Nilidhani anakwenda kukibomoa kichanja. Lakini alikuja ndani, akatazama juu kwa muda moshi ulivyokuwa unazunguka na kukosa njia, akapanda, na pale chini ya paa, upande unaoelekea chai, akaanza kukata. Mwanzi na udongo vilianguka kwenye kitanda changu. Akakata tundu kubwa kama ungo. Moshi ulisitasita kidogo, kisha ukainama ukatoka wote kwa pamoja, na nikaiona rangi ya ukuta wangu wa mbele, ambayo nilikuwa nimeisahau.

Mke mwenzangu aliporudi kutoka msibani alisimama uani mikono kiunoni. "Hilo dirisha la kuchungulia nani, ndege?" Nikamwambia ni la kusomea hewa.

Mashine ilikwenda kwenye ile shule ya mlimani aliyoichagua tangu mwanzo. Baadaye nilisikia kwamba karatasi za huko, pamoja na zangu zile nyeupe za kabla ya masika, aliziweka mezani kwa wakubwa, nao wakavua miwani. Yeye akasafiri. Kabla ya hapo alikuja kuniaga, na tangu hapo amekuja kila alipoweza, na kuweza kwake ni kwa nadra, maana sasa anakuja kwa ajili yangu tu, na kazini hawatoi ruhusa kwa jambo kama hilo. Simu zipo. Nikimuuliza hewa ya huko ikoje anaanza kunieleza kwa undani, nami nasikiliza kikohozi kama bado kipo. Hakipo. Ninakitafuta tu.

Wajukuu wamenijengea nyumba ya bati mbele, nzuri, ina sakafu. Mchana nakaa huko na wageni. Kulala nalala huku nyuma. Mvua ya upande ikija inapita kwenye tundu na kunilowesha miguu, na kila masika wajukuu wanataka kupanda na kipande cha bati wazibe. Nawaambia waache. Nimekisogeza kitanda.